Shemeji na Kigeu cha Uzito

Fundi wa programu za lifti alitangaza kigeu, yaani hifadhi ya namba, cha uzito wa mwisho unaoruhusiwa nje ya fanksheni zote, vile vipande vya kazi vya programu, ili kiwe na kilo 600 hata kabla programu haijaanza kazi. Akatanguliza neno static, faili nyingine zisikiguse. Lifti ilipokwama na watu kumi na wawili, meneja alimpa hadi saa sita ajieleze au aondoke. Akafungua faili, akakuta static imefutwa, na faili ya shemeji yake, ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi pale, inakiandikia 900, ndiyo maana lifti ilikubali mzigo uliozidi.

“Shemeji, umefuta wewe?”

“Nilikiazima tu, bwana. Usininunie.”

“Mbona kikaoni mbele ya meneja uliapa kosa ni langu?”

“Wewe mkongwe, hawakufukuzi.”

Fundi akaigeukia kompyuta. Akamtumia meneja historia ya mabadiliko yote, jina la shemeji likiwa juu.