Kilichofagiwa Eneo la Nne

Kwa miaka kumi na mmoja Bwana Usafi aliamka kabla ya jogoo wa jirani, hata jogoo mwenyewe akakata tamaa. Kazi yake ilikuwa kutunza maeneo sita ya wanyama katika bonde la juu la mto. Kulikuwa na kinamasi cha matete walikotaga ndege wa majini, kulikuwa na ukanda wa msitu wa mbega, na Eneo la Nne lilikuwa dimbwi refu lililozungukwa na mawe bapa. Kila eneo lilikuwa na kibao chenye namba, na kila kibao alikifuta kwa kitambaa. Jina lake hilo walimpa ofisini, na hakuliona kuwa la utani.

Miaka mitatu nyuma Eneo la Nne liliwekwa kwenye orodha ya kulindwa kwa ajili ya fisi maji, mnyama wa mtoni mla kaa na samaki. Shida ni kwamba fisi maji hakuonekana. Bwana Usafi alikaa pale asubuhi na jioni, akajaza fomu, na kwa miaka mitatu mfululizo akaandika "Hakuna". Kanuni ilisema mwaka wa nne wa "Hakuna" eneo linafutwa. Wenye mashine ya kusaga kokoto walikwisha kuja mara mbili kuyatazama yale mawe, kwa jicho la mtu anayechagua nyama buchani.

"Andika yupo," mkewe alimwambia wakichambua maharage. "Nani atakwenda kumuuliza fisi maji?"

"Sijamwona."

"Mjomba wako naye hatujamwona mwaka wa saba huu, na tukiulizwa tunasema yupo."

"Mjomba anapiga simu."

Mkaguzi alifika Jumanne, mama mfupi mwenye buti kubwa. Alizunguka dimbwi lote. Mawe yalikuwa yaking'aa.

"Mzee wangu, hapa ni safi mno."

"Asante."

"Sikusifu. Fisi maji usipomwona mwenyewe, unaona choo chake. Anapanda kwenye jiwe kama hili, anaacha kinyesi kilichojaa magamba ya kaa, ili wenzake wajue pana mwenyewe. Hujawahi kukiona?"

Bwana Usafi akayatazama maji. Alikuwa amekiona. Alikuwa akikiona karibu kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, akiwalaani mbwa wa kijiji cha juu na kukifagia. Akinyamaza, dimbwi litasagwa kokoto. Akisema, atachekwa mpaka makao makuu. Mficha uchi hazai, lakini waliosema hivyo hawakuwa wamesimama mbele ya mkaguzi.

"Mbwa," akasema.

"Mbwa gani?"

"Nilidhani ni mbwa. Nimekuwa nikifagia."

Mkaguzi akageuka kuyatazama tena mawe yanayong'aa.

"Kila siku?"

"Jumapili mara mbili. Wageni huwa wengi."

"Na unatupa wapi?"

Walimkuta mkewe nyuma ya nyumba akimwagilia vitunguu. Mkaguzi alimwamkia vizuri, kisha akapiga magoti kando ya lundo lililokuwa mwisho wa tuta, akaanza kulichambua kwa kijiti.

"Mama, umepoteza kitu?" mke akamuuliza.

"Natafuta mavi ya fisi maji."

Mke akamgeukia mumewe taratibu. "Uliniambia ni mbolea."

"Ni mbolea."

"Nimewagawia majirani vitunguu hivi!"

"Na walivisifu."

"Cha leo kiko wapi?" mkaguzi akauliza.

"Hicho cha juu," akasema Bwana Usafi. "Bado kina unyevu."

Mkaguzi akakipasua. Ndani mlikuwa na magamba ya kaa, mifupa ya samaki, na mguu mmoja wa chura. Akakitia kwenye mfuko, akaandika tarehe, kisha akafungua fomu ya Eneo la Nne na kuandika "Yupo". Chini yake aliongeza agizo: mawe yasifagiwe tena, kwa sababu yoyote ile.

Jumapili iliyofuata, familia ya wageni ilikuta kinyesi kibichi, cheusi, katikati ya jiwe zuri kuliko yote. Mama wa watoto akaziba pua.

"Kwani hapa hakuna mtu wa usafi?"

"Hakuna, mama," akasema Bwana Usafi, mikono yake ikiwa imefungwa nyuma, akawaomba wapite upande wa pili wa jiwe wasije wakakikanyaga.