Vikaratasi vya Papa Rajabu

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nilipoosha kwa sabuni ya unga kazi ya miaka kumi na moja ya mtu mwingine, nikaianika juani, na moyoni nikajisifu kwamba nimemtendea wema. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, kwa hiyo siwezi kusingizia utoto. Nitakueleza polepole, ili uone jinsi mtu mwenye nia njema anavyoweza kufanya uharibifu mkubwa kabla jua halijafika utosini.

Mwenye kazi hiyo alikuwa Papa Rajabu, muuza vitenge wa Mbugangari, mtaa wa mpakani karibu na ziwa, nami nilikuwa muuzaji dukani kwake. Nilikuwa nimerudi Rwanda na wazazi wangu kutoka Karagwe, na wateja walinicheka kwamba naongea kama redio. Papa Rajabu alikuwa mtu wa mpakani hasa. Dada yake aliolewa Goma, na kila wiki yeye mwenyewe alivuka mpaka pale kwenye kizuizi kikubwa, Grande Barrière, na marobota yake. Kitenge alikijua kwa kukipapasa. Ungeweza kumfunga macho, bado angekuambia kipi ni pamba halisi na kipi kitapauka kikifuliwa mara tatu.

Basi, mtu huyo akawapenda konokono.

Ilianza na mchanga. Alikuwa anajenga stoo nyuma ya duka, lori likamwaga mchanga wa ziwani, naye akaona ndani yake kitu cheupe kilichojisokota, kirefu kama ukucha wa kidole cha mwisho. Lilikuwa gamba la konokono. Alichekecha lundo zima kwa chekeche la unga la mke wake, jambo lililomletea maneno nyumbani, akapata magamba ishirini ya namna hiyo, yote matupu. Kesho yake akashuka ufukweni kumtafuta konokono hai mwenye gamba kama lile. Akakuta wengine, bapa kama vifungo vya shati, wakitambaa kwenye majani. Yule wake hakumwona. Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye akajiuliza: magamba haya yametoka wapi, ikiwa wenyewe hawaonekani? Swali hilo lilimshika akiwa na miaka hamsini, na halikumwachia tena.

Shule aliisoma miaka minne tu. Lakini alikuwa na kile kioo kidogo cha kukuza ambacho wauza nguo hutumia kuhesabu nyuzi, na alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutofautisha vitu vinavyofanana. Kila alfajiri baada ya swala, kabla ya kufungua duka, alikunja suruali hadi magotini na kutembea kipande kimoja cha ufuko. Kidogo kidogo akafika hadi kwenye maji ya moto ya Nyamyumba. Siku za soko la Mahoko aliuza vitenge asubuhi, na jioni aliinama kwenye vijito vya huko. Kila gamba alilitia kwenye kisanduku kitupu cha kiberiti, pamoja na kikaratasi chenye mambo matatu: mahali, siku, na neno moja, "hai" au "tupu". Neno hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, mwanangu. Gamba likishaoshwa huwezi kujua kama lilikutwa na mnyama ndani yake au lilikutwa tupu mchangani. Aliyeliokota ndiye anayejua, na asipoandika, habari imekwisha.

Watu walimcheka, naye hakuwazuia. Mama Furaha, aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale ufukweni, alikuwa akimngoja kila asubuhi.

"Papa Rajabu, hiyo iko na nyama ndani?"

"Hapana. Iko tupu."

"Donc, yaani unabeba nyumba ya mutu mwenye alishahama. Kodi utalipisha nani?"

"Nikimupata mwenyewe nitakuita, uje umudai."

Kisha angechuchumaa kando ya beseni lake na kumwomba aangalie kama konokono wamenasa kwenye nyavu pamoja na samaki. Baada ya mwaka mmoja, Mama Furaha huyohuyo alikuwa akimwekea konokono kwenye kikombe cha bati na kumweleza mtumbwi ulivua upande gani. Hivyo ndivyo mzee huyo alivyofundisha watu bila wao kujua kwamba wanafundishwa.

Halafu ikaja barua. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu alikuwa amesikia habari zake, akaandika kwamba atafika Jumamosi na gari. Akiridhika, atayachukua magamba yote yakatunzwe mahali ambapo watu wengine wataweza kuyasoma. Papa Rajabu alinisomea barua hiyo mara tatu. Umri wake ulikuwa umepita sitini, na watoto wake, ambao walikuwa watoto wema, waliviona vile viberiti kuwa takataka za mzee. Siku moja aliniambia, "Nikikufa, vitaanguka mu shimo la takataka hata mbele ya siku ya tatu ifike." Kwa hiyo Jumamosi ile ilikuwa nafasi yake pekee ya kuhakikisha kazi yake haizikwi naye.

Jumatano akavuka kwenda Goma, akaniachia duka. Nikatazama rafu. Viberiti mia nne na zaidi, vimefifia, vingine vimetafunwa na mende. Nikaona aibu kwa niaba yake. Mimi kazi niliyoijua ilikuwa moja, kupanga bidhaa ipendeze macho. Ndivyo nilivyouza vitenge, na hakuna mteja aliyepita mbele ya meza yangu bila kugeuza shingo. Nikamwaga magamba yote kwenye beseni, nikayasugua kwa mswaki, nikayapaka mafuta kidogo, nikayapanga kwenye kabati la kioo tulimoweka vitenge vya bei kubwa, madogo juu, makubwa chini, meupe kushoto, ya kahawia kulia. Yaling'aa kama shanga. Viberiti na vikaratasi nikavitia kwenye jiko la mkaa, nikachemshia chai.

Papa Rajabu alirudi alasiri. Akasimama mbele ya kabati kwa muda mrefu.

"Vere, karatasi iko wapi?"

"Nilizichoma, Papa. Zilikuwa zimechakaa. Tazama sasa yanavyong'aa."

Akatoa gamba moja, akaliweka kiganjani, akalinusa. Likanuka sabuni. Akalirudisha mahali pake taratibu, akaketi juu ya robota la vitenge.

"Bon," akasema kwa sauti ya chini, neno lake la Kifaransa la kusema "haya". Na tena, "Bon."

Hapo nikaanza kuelewa, na nilivyozidi kuelewa ndivyo nilivyozidi kuongea. Nikamwambia, wewe unakumbuka, Papa, nitajie moja moja, mimi niandike. Akainuka akachukua moja.

"Hii ni ya Nyamyumba," akasema. Nikachukua kalamu. Akaligeuzageuza. "Nafikiri ni ya Nyamyumba." Akaliweka chini. "Acha kuandika. Mi nafikiri, sijui."

"Lakini si inakaribia, Papa?"

"Vere, kitenge ikifika hapa karatasi yake ya fabriki, ya kule kiwanda, imebanduliwa, we utaandika ingine na mukono wako ubandike?"

"Hapana."

"Na wale wenye kubandika, tunawaitaka nani?"

"Wezi."

"Basi. Mi nimezeeka bila kubandika. Sitaanza na konokono."

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini mtu aliyekosa na asiyeweza kuvumilia kukosa kwake huongeza kosa la pili ili kulifunika la kwanza, nami nililiongeza. Ijumaa, alipokwenda msikitini, nikakata vikaratasi sitini, nikaiga mwandiko wake, nikaandika Nyamyumba, Mahoko, siku hii au ile, hai, tupu, kama nilivyoona inafaa. Nikaviweka chini ya magamba. Nilijiambia kwamba yeye hakusema uongo, mimi ndiye ninayeusema, na hivyo namwokoa.

Aliporudi aliviona mara moja. Akavipanga juu ya meza ya kupimia nguo, akaniita.

"Soma hii."

"Mahoko. Hai."

"We ulikuwa Mahoko siku hiyo?"

"Hapana, Papa."

"Sasa nani aliona?"

Hakunipigia kelele. Alivichana vyote sitini, kimoja kimoja, na alipokuwa akichana alikuwa akinieleza, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito. "Mukobwa wanjye," akasema, yaani binti yangu, kwa Kinyarwanda alichokitumia alipotaka nisikie vizuri, "mutu mwingine atasoma hii karatasi wakati mi nilishakufa. Hawezi kuja kuniuliza. Ataiamini tu. Ndiyo maana mutu hachezi nayo."

Jumamosi mwalimu akafika. Papa Rajabu alikuwa amewaalika majirani na kununua soda, maana alitaka waone kwamba si takataka alizokuwa akiokota, na hakuahirisha mwaliko. Mama Furaha alikaa mbele kabisa, amevaa kitenge kipya. Mwalimu alilisogelea kabati akitabasamu, akachukua gamba, akauliza, "Hili lilitoka wapi, mzee?"

"Sijui," akajibu Papa Rajabu. "Zote zilikuwa na karatasi. Tumezichoma. Mwenye ataziangalia kwa kazi yake, zitamudanganya. Siwezi kukupatia."

Nilikuwa nimesimama na sinia la soda. Tangu asubuhi nilikuwa nangoja ataje jina langu, na nilikuwa tayari kwa hilo. Sikuwa tayari kwa neno "tumezichoma". Nikaweka sinia chini, nikasema mbele ya watu wote, "Si sisi. Ni mimi niliyezichoma."

Mwalimu akatutazama wote wawili. Papa Rajabu hakugeuka hata kunitazama. "Anatumika kwangu, mu duka yangu," akamwambia mgeni wake. "Ilikuwa kazi yangu kumueleza karatasi ni ya nini. Miaka mitatu tuko pamoja, sikumueleza. Donc ni sisi."

Mama Furaha akakohoa. "Kumbe hata konokono hapiti bila karatasi," akasema, "kama sisi pale barrière." Watu wakacheka, mwalimu akacheka, na Papa Rajabu akacheka hadi akavua kofia kufuta macho, nami sikuweza kutambua kama machozi yale yote yalikuwa ya kicheko.

Mwalimu aliondoka na viberiti thelathini na kimoja, vile vya wiki za mwisho, ambavyo vilikuwa bado nyumbani kwa mzee. Sanduku lake kubwa lilirudi karibu tupu. Magamba ya lile kabati lililong'aa Papa Rajabu aliyagawa kwa watoto wa mtaa, gamba kwa gamba, wakachezea.

Jumatatu, alfajiri, akaja kugonga mlango wetu. "Vaa viatu vyenye havina shida na maji," akasema. Tukaanza na ufuko ule wa kwanza kabisa, karibu na mpaka. Yeye alitazama, mimi niliandika: mahali, siku, hai, tupu. Tulitembea hivyo miaka saba, hadi magoti yake yalipokataa. Sitakudanganya kwamba tulirudisha kila kitu. Baadhi ya fuko zilikuwa zimejengewa kuta na hoteli, na kilichochomwa cha huko kimepotea mpaka leo. Lakini mwalimu alirudi mara mbili, na mara zote mbili sanduku lake liliondoka likiwa limejaa.

Konokono yule mrefu mweupe hatukumpata akiwa hai. Katika miezi yake ya mwisho nilimuuliza kama niandike daftarini kwamba hayupo tena ziwani. Akafikiri, akasema, "Andika: hatujamuona." Nikauliza kuna tofauti gani. Akanieleza kwamba neno la kwanza ni habari za ziwa, ambalo hatulijui lote, na la pili ni habari zetu wenyewe, ambazo tunazijua. Mtu aliyesoma miaka minne, mwanangu. Nimekutana na wengi waliosoma ishirini wasiojua kutenganisha hayo mawili.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike. Usipangilie kazi ya mwenzako kabla hujamwuliza kila kitu ni cha nini, hata kama inaonekana chafu machoni pako. Ukiharibu, sema umeharibu siku ileile. Na pale palipobaki tupu kwa sababu ya kosa lako, usipajaze kwa kitu kinachofanana na ukweli ili watu wasione shimo. Acha shimo lionekane, kisha vaa viatu urudi ulikoanzia, polepole, hata ukiwa umechoka, hata ukijua hutayapata yote. Simu yako hiyo inahifadhi picha elfu. Kila picha nayo iandikie mahali na siku, na kile ulichokiona kwa macho yako.

Na kama wewe ndiwe mkubwa wa kazi, na mdogo wako amekosa kwa kutojua, jiulize kwanza kama ulimweleza.

Mungu akupe macho ya kuona kidogo kilichopo, na ulimi usioona haya kusema sijui. Akupe miguu ya kurudi. Na siku utakapoharibu, kwa maana utaharibu, akuweke karibu na mtu atakayesema "sisi".