Mkeka wa Bibi Harusi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha shule ya msingi karibu na Msambweni, na kila likizo navuka feri kwenda chuoni Mombasa kutafuta stashahada. Ilikuwa imebaki tasnifu tu. Ikipita, naajiriwa mwalimu wa kudumu; isipopita, nabaki kibarua wa chaki, wa kuchukuliwa na kamati ya wazazi na kuachishwa na kamati hiyo hiyo. Nilikuwa nimechoka kuinyenyekea ile kamati.

Mada yangu ilikuwa mikeka ya ukindu ya kwetu na maana ya mapambo yake. Vitabu nilitafuta, sikuviona. Basi karani mmoja wa hoteli ya Diani, mtu wa bara, akaniambia wao wana kompyuta yenye intaneti, nije mchana wageni wakiwa ufuoni. "Madam, huku kuna kila kitu, we sema tu." Akanichapishia ukurasa wa Kiingereza wenye picha iliyotoka nyeusi tii. Ulisema kwamba mkeka ambao rangi yake nyekundu hukatika katikati ni mkeka wa bibi harusi. Upande mwekundu ni nyumba ya babake, upande usio na rangi ni nyumba ya mume, na pale rangi inapokatika ndipo machozi yake yalipodondoka. Lo, nilisisimka. Niliandika sura nzima juu ya machozi hayo.

Msimamizi wangu chuoni, mwalimu mkimya mwenye kalamu nyekundu, alinirudishia sura ile na neno moja pembeni: "Nani?" Mimi nina hasira za mkizi, wanaonijua wanajua. Nilimwendea ofisini nimevimba, nikamwambia maneno yametoka kwenye intaneti na anwani nimeiandika yote, nukta kwa nukta. Akasema anwani inaonyesha nyumba tu, yeye anamtaka mwenye nyumba. Aliyeandika ni nani, naye kaambiwa na nani? Siku hizi, akasema, yeyote mwenye kompyuta anaandika apendalo.

"Niletee mwenye maneno," akamaliza, "au ing'oe hiyo sura."

Kuing'oa kulikuwa ni kuivunja tasnifu, maana sura zote zilizofuata ziliiegemea hiyo. Karani akaufungua tena ukurasa, tukalitafuta jina juu na chini. Hapana. Ikabaki njia moja, nimpate msukaji wa huku athibitishe yale yaliyoandikwa. Na msukaji niliyemjua alikuwa shangazi yangu wa Bongwe, dadake baba, aliyesuka mikeka nyumbani na kuiuza Diani, kwenye njia ya kushukia ufuoni.

Mtaniuliza kwa nini sikumwendea tangu mwanzo. Kwa sababu ni shangazi yangu! Mikeka yake niliilalia na kuikojolea nikiwa mtoto. Nani humnukuu mtu aliyemwogesha kwenye karai?

Nilimkuta barazani na ukindu wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea chai na mahamri, nami nikaanza kumsomea, nikimfasiria sentensi moja moja. Nilipofika kwenye machozi ya bibi harusi mikono yake ikasimama. Kisha akacheka, akacheka mpaka leso ikamdondoka kichwani.

"Hayo maneno ni yangu, mwanangu," akasema. "Rangi iliniishia."

Akanieleza. Siku moja pale Diani mama mmoja wa kizungu, mtu mzima mwenye kofia pana, aliuinamia mkeka akagusa pale rangi ilipokatika, akauliza ina maana gani. Sasa amwambie nini, kwamba siku ya kuusuka Ukunda nzima hapakuwa na rangi nyekundu? Mteja akiuliza maana ukamwambia hakuna, ananyanyuka na kwenda zake. Basi kwa kile Kiingereza chake cha ufuoni akampa bibi harusi, akamwongezea na machozi. Mama yule akanunua mkeka, akarudi kwao, akaandika. Nami nikayapokea maneno ya shangazi kutoka ng'ambo na kuja kumsomea mwenyewe.

Damu ilinipanda. Nilimwambia ameniharibia masomo, ameniharibia na kazi, na mengine ambayo mtu hamwambii shangazi yake. Aliniacha nikamaliza yote, huku akisuka.

"Yule alitoka kwao akaja akaniuliza," alisema. "Wewe unapita hapa kila Ijumaa."

Chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo.

Nilipotulia nikamwambia nitaandika ukweli, na jina lake nitaliweka, ndiyo kanuni ya chuo. Akakataa katakata. Wageni walikuwa wameanza kuja wakiutaka huo mkeka wa bibi harusi, wakisoma kwamba ni rangi iliyoisha, nani atanunua? Siri ya mtungi aijuaye kata, akasema, na yeye ndiye kata. Nikaona kwamba mimi nahangaikia cheti, mwenzangu anahangaikia unga wa jioni. Tulivutana mpaka adhuhuri ndipo akakubali niandike, mradi jina lake lisiwemo wala Bongwe isitajwe.

Sura nikaiandika upya, na zilizoiegemea nikazipindua zote. Nilieleza kwamba hadithi ya bibi harusi ilizaliwa ufuoni kwa ajili ya mteja, na kwamba aliyenieleza ni mwenye kuitunga, msukaji wa Kwale aliyeomba asitajwe. Msimamizi akaniuliza tena ni nani. Nikamjibu namjua vizuri sana, ila amenikataza. Akaweka alama ya vyema.

Tasnifu ikapita na kazi nikapata, lakini Vanga, karibu na mpaka, kwenye barabara isiyopitika mvua ikinyesha. Siku ya kuondoka shangazi alikuja na mkeka mpya kichwani. Tukaukunjua uani. Nusu yake ilikuwa nyekundu, nusu ukindu mtupu. Nikamtania kwamba rangi imemwishia tena.

"Rangi ilikuwapo," akasema. "Huu nimekata kusudi."

Akauinamia mkeka kuukunja upya, asinionyeshe uso.