Mshipi wa Kilima

Jumatatu ile nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya mkubwa wangu, kofia mkononi, nikasema, "Nitajaribu." Yeye aliisikia kama ndiyo, na mimi nilijua kwamba ameisikia hivyo.

Alitaka mtama wa dada yangu uwe umelala chini kabla ya Alhamisi.

Wakati huo nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji viwanja hapa Juba. Kuchora nilijifunza Kenya, shule ya sekondari, nilikopelekwa kutoka kambi ya Uganda, miaka ya ukimbizi. Lilikuwa somo pekee ambalo sikuwahi kufeli. Niliporudi nyumbani, mkono wangu ndio ulionilisha. Dada yangu mkubwa yeye hakusoma. Alikuwa na kilima kimoja kifupi mbele ya mtaa wa Lemon Gaba, shamba la mama yetu, na alikilima kila mwaka.

Mwaka ule ofisi ilikodi droni ipige picha za eneo lote tulilotaka kukata viwanja. Picha ya kilima cha dada ilipofika mezani kwangu nilidhani mashine ina kasoro. Mtama wote ulikuwa umeanza kuwa wa manjano, ila palikuwa na duara mbili za kijani, moja ndani ya nyingine, zimekizunguka kilima kizima. Upande wa mashariki zote mbili zilikatika mahali pamoja, kama mlango.

Jioni nilikwenda nayo nyumbani. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa New Site, na jirani yangu uani alikuwa mwalimu wa historia, mama Mkenya mwenye sauti ya darasani hata akiomba chumvi. Nilimwonyesha kwa kujigamba tu. Akaishika picha kwa mikono miwili.

"Mzee, mtu hawezi kuchora hivi kwa bahati. Hapa watu walichimba handaki. Mawili. Yakajaa udongo, yakasahaulika. Udongo wa handaki unashika maji, ndiyo maana mtama wa juu yake haukauki upesi."

"Watu gani?"

"Sijui. Wa zamani sana, kabla ya jina lolote unalolijua. Walijizungushia ngome juu ya kilima kwa sababu kuna kitu walikiogopa." Akaniangalia. "Na nyinyi mnataka kupitisha greda hapo?"

Yeye ndiye aliyeandika barua kwa ofisi moja inayoshughulika na mambo ya kale. Walijibu kwamba picha moja haitoshi, huenda ni doa. Watamtuma mtu wao, na droni yao, na kibali walichopata ni cha siku moja tu, Alhamisi. Mistari ikionekana tena, kazi ya viwanja itasimamishwa.

Mkubwa wangu alizipata habari hizi zote, na Jumatatu ile akaniita mezani kwake. Alikuwa amekulia Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Mzee, mimi iko na neno moja tu. Hiyo mtama ya dada yako itasimama mpaka lini?"

"Wiki tatu hivi."

"Na kama inakatwa, hiyo duara itaonekana?"

Nilikuwa nimekitembea kilima kile tangu utotoni bila kuona hata bonde la kuteguka mguu. Chini hapakuwa na alama. Ngome nzima ilikuwa ndani ya rangi ya majani.

"Haitaonekana," nilisema.

Akaweka kidole juu ya ramani niliyoichora mwenyewe, kwenye kiwanja cha pembeni, juu kabisa. "Hii ni ya kwako. Dada yako naye atapata, huko chini. Wewe ongea na yeye."

Nilikuwa na miaka zaidi ya sitini na sijawahi kulala chini ya bati langu. Nasema hivyo ili ijulikane nilikuwa natazama nini kwenye ramani ile. Sisemi ili nionewe huruma.

Jumanne nilikwenda shambani. Dada alinicheka tangu mbali.

"Tazama mtu wa ofisi! Amekuja shambani na viatu vya kanisani."

Tulikuwa tukizungumza Kibari, lugha ya nyumbani, na katika lugha ile sikuwahi kumdanganya mpaka siku hiyo. Nilimwambia nimesikia ofisini kwamba kundi kubwa la ng'ombe linashushwa upande huu, na wachungaji wana bunduki. Huku kwetu hakuna maneno mengine ambayo yangeweza kumfanya mkulima akate mtama mbichi. Ng'ombe wakiingia shambani jioni, asubuhi unabaki na vumbi.

Alivunja suke moja, akabana punje kwa ukucha. Maziwa yakatoka.

"Bado."

"Ng'ombe hawasubiri, dada."

"Umesikia kwa nani?"

"Ofisini."

Akalitazama lile suke mkononi. Zamani, mwaka mmoja wa vita, nilimtumia habari aondoke na akaondoka, na waliobaki walikufa. Ndiyo sababu aliniamini. Nililijua hilo nilipochagua uongo wangu.

"Basi kesho nitawaita wanawake," alisema. "Lakini mshipi nitauacha."

Mshipi ni jina lake la zile duara. Hakuwahi kuziona kutoka juu, lakini alizijua kwa miguu. Ulipokauka mtama mwingine, mtama wa mshipi ulisimama, na kila mwaka aliuvuna mwisho, akachagua humo masuke ya mbegu na kuyatundika juu ya moshi wa jiko. Ilikuwa mbegu ya mama yetu. Tulipokimbia, dada aliivusha mpaka wa Uganda ikiwa imeshonwa ndani ya pindo la nguo.

Mshipi ukibaki peke yake katikati ya vishina, hata kipofu angeiona ngome.

"Ukate wote," nilisema.

"Na mbegu?"

"Tutanunua sokoni."

"Mbegu ya mama inauzwa soko gani?"

"Si una ya mwaka jana?"

"Nimepanda yote. Wewe unafikiri kilima hiki kilijaa kwa nini?"

Nikarudia neno ng'ombe.

Jumatano wanawake walikata tangu alfajiri. Kufikia alasiri kilima kilikuwa kimenyolewa, na zile duara mbili zimesimama, kijani, wazi kama nimezichora kwa bikari. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini wakinywa maji. Dada hakusogea. Nikavua viatu vya kanisani, nikachukua mundu, nikaanza kuukata mshipi mwenyewe, nikianzia pale palipokuwa mlango. Nilikata kama mtu anayefukuzwa. Baada ya muda nikasikia mundu wa pili nyuma yangu. Alikuwa yeye. Tulimaliza jua likizama, naye akakusanya masuke mabichi ya mshipi akayafunga peke yake, akitumaini.

Alhamisi droni iliruka, ikalia kama nyigu juu yetu. Mtu wa mambo ya kale alitazama kioo chake muda mrefu.

"Hakuna kitu," akasema.

Mwalimu, aliyekuja naye, aliinama akashika kishina. Kilikuwa bado kinatoa maji.

"Mzee, mtama huu umekatwa jana?"

Dada ndiye aliyemjibu, kwa Kiarabu cha Juba, akinitetea. "Ng'ombe wanakuja."

"Ng'ombe gani, mama? Mimi nimepita barabara yote hiyo."

Dada alinigeukia. Mimi nilikuwa natazama droni ikikunjwa mabawa na kurudishwa kwenye sanduku lake. Tangu siku hiyo, uani, mwalimu alinisalimia kwa kichwa tu.

Ng'ombe hawakuja. Ilikuja mvua. Siku ya tisa baada ya kukata, dada alinipigia simu, akasema neno moja: "Njoo."

Vishina vya mtama, udongo ukiwa na maji, huchipuka tena. Kilima chote kilikuwa cha kahawia, isipokuwa machipukizi ya kijani kibichi, urefu wa kidole, yaliyofuata mstari mzuri kukizunguka kilima, na mstari wa pili ndani yake, na pengo upande wa mashariki. Safari hii hapakuhitajika droni. Nilikuwa nimesimama chini nikiiona ngome nzima.

"Ng'ombe wako wamefika wapi, mtoto wa mama yangu?"

Simu ilikuwa mfukoni, na namba ya mwalimu ndani yake. Ilikuwa Ijumaa, greda lilikuwa lianze kazi Jumatatu. Angeweza kuja kwa bodaboda kabla ya jua kuzama, akapiga picha hata kwa simu yake. Nilijua. Nilijua pia kwamba kiwanja cha pembeni kilikuwa tayari kimeandikwa jina langu.

"Ulijua," dada akasema.

"Nilijua."

"Yale masuke niliyaanika. Punje zimesinyaa. Hakuna hata moja iliyoota." Akafuta mikono kwenye nguo. "*Khalas*," akasema, yaani basi, imekwisha.

Simu sikuitoa mfukoni.

Greda lilifanya kazi siku tatu. Lilipofika kwenye mshipi udongo ulitoka mweusi, na vigae vya vyungu, na mifupa ambayo sikuuliza ni ya nini. Dada alikataa kiwanja cha chini. Alivuka kwenda Uganda, kwenye kambi ileile tuliyoijua zamani, safari hii bila kitu ndani ya pindo la nguo. Hakupokea simu yangu hata mara moja. Alifia huko, na mimi niliambiwa na mwanamke mmoja sokoni, wiki mbili baada ya maziko, akidhani ninajua.

Nyumba ninayo. Imejengwa juu ya handaki la ndani. Kila masika ukuta wa mashariki unapasuka mahali palepale, nami naziba. Kiwanja kile kilinigharimu dada yangu, na mbegu ya mama yetu, na ngome ya watu ambao hakuna atakayejua tena walikuwa akina nani wala waliogopa nini.