Zulia la Gafsa Juu ya Theluji

Mongi Zaibi alihamia jengo letu mjini Suwałki mwezi wa Oktoba, akiwa na begi moja na zulia moja. Begi alilibeba mgongoni. Zulia alilikumbatia kifuani, kama mtu anayempandisha mzee ngazi. Nakaa mkabala na mlango wake. Nilimshikia mlango wa chini, naye akanishukuru kwa Kipolandi kifupi alichokiokota kiwandani, kule wanakotengeneza madirisha.

Zulia hilo, jekundu lenye nakshi nyeupe, lilifumwa na mama yake, Bi Mabrouka, huko Gafsa, kusini mwa Tunisia, nalo lilikuwa la mwisho. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, na nusu ya pili aliifuma kwa kupapasa nyuzi kwa vidole. Ndiyo maana kwenye safu ya juu kuna ndege mmoja aliyelala chali. Mongi alilitandika katikati ya chumba, asilikanyage hata siku moja. Alipotoka kitandani kwenda jikoni alipita kando ya ukuta, ubavu ubavu, kama mgeni anayewapita watu wanaokula. Zulia lilinuka kondoo, moshi wa kuni za mzeituni na vumbi la kwao. Kabla ya kulala aliinama akalinusa kidogo tu, asije akaimaliza ile harufu.

Kila Ijumaa mama yake alipiga simu.

"Zulia halijambo?"

"Halijambo, mama."

"Unalikanyaga?"

"Naliangalia."

"Nililifuma la kuangaliwa? Mwenye macho mabovu mimi, mjinga wewe!"

Mongi alicheka, akaulizia mbuzi.

Theluji ilianguka mwishoni mwa Novemba. Aliniambia baadaye kwamba kilichomwamsha ni ukimya. Barabara ilikuwa imeacha kunguruma, naye akadhani masikio yameziba. Alipofungua pazia, magari yote uani yalikuwa yamegeuka kondoo waliolala, na angani kulikuwa kukishuka kitu kisichokuwa na haraka. Alitoka na kandambili. Alisimama katikati ya ua uso juu, akiiacha theluji impakae nyusi, mpaka Bwana Zenon, dereva wa treni mstaafu, akamfokea kutoka dirishani.

"Wee Mongi! Vaa viatu! Vidole vikikatika hapa havioti tena!"

Baada ya hapo kila asubuhi alikwenda kazini taratibu. Alisema anahisi kama anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na akikanyaga kwa nguvu atamwamsha.

Katikati ya Desemba baridi ilikaza. Moshi wa mabomba ya nyumba ulisimama wima, na theluji ikawa kavu kama unga. Siku kama hiyo kwetu haipotezwi, ndiyo ya kusafishia mazulia. Wa kwanza kutoka alikuwa Bi Leokadia wa ghorofa ya chini, na kipigio chake cha fito zilizosukwa. Alilitupa zulia lake kifudifudi juu ya theluji, akalicharaza mgongoni. Wakamfuata wengine. Ua mzima ulivuma kama ngoma za mbali, na kila zulia lilipoinuliwa lilibakiza chini yake mraba wa kijivu.

Mongi alitazama kutoka dirishani. Jioni Bi Leokadia alimpandishia bakuli la supu ya bitiruti, akaona lile zulia sakafuni.

"Yesu na Maria! Uzuri wote huu umefungiwa ndani?" Alipiga goti, akaligonga kwa kiganja, likafuka. "Mwanangu, humu kuna jangwa zima. Kwa nini hukulileta chini?"

"Ni la mama," alisema Mongi.

"Na langu la nani? La askofu?"

Mongi aliona aibu. Lakini hakutaka kuicharaza kazi ya mama yake mbele ya watu. Alitaka kuifanya faraghani na kwa adabu. Akangoja Jumapili, tunapokuwa kanisani wote.

Kosa lake nalielewa. Tangu Jumamosi upepo ulikuwa umegeuka, na vipande vya barafu vilikuwa vikidondoka mapaani, theluji ikianza kuyeyuka. Mtu wa hapa akiona hivyo hata mkeka wa mlangoni hautoi. Mongi aliigusa theluji, akaikuta laini. Theluji laini, alifikiri, italionea huruma zulia la mama. Akalilaza kifudifudi, akalipapasa mgongo kwa kiganja badala ya kulipiga, akaliacha lipumzike huku yeye akinywa chai.

Aliporudi lilikuwa limekunywa kuliko yeye. Alivuta pembe moja, lisije. Alilivuta kwa mikono miwili, likainuka zito kama mnyama, na chini yake theluji ilikuwa nyekundu.

Ndipo tulipokuwa tukitoka kanisani.

"Nani kachinja nguruwe Jumapili?" alipiga kelele Bwana Zenon.

"Si nguruwe," alisema Mongi. "Ni mama yangu."

Bwana Zenon alivua kofia. Kisha akaliona zulia, akaivaa tena pole pole.

Nyekundu ilikuwa bado ikichuruzika. Kila tone liliingia kwenye theluji, likapanuka, likafanya ua jekundu. Mongi aliliviringisha zulia, akaanza kukimbilia ngazi.

"Unalipeleka wapi?" aliuliza Bi Leokadia.

"Ndani. Kwenye joto."

"Ukiliweka kwenye joto litatoa rangi mpaka Pasaka, halafu lioze. Liweke juu ya chuma."

Uani tuna chuma cha kuanikia mazulia, na watoto huning'inia pale kama popo. Mongi alikitazama, akatazama anga la kijivu.

"Theluji imelimeza. Sasa nilirudishe kwake?"

"Iliyolimeza ni maji. Usiku huu baridi inarudi. Goti langu linasema."

"Goti lake halijawahi kusema uongo," alisema Bwana Zenon. "Yeye, mara mojamoja."

"Nyamaza, shika pembe hiyo."

Wanne tulilitupa juu ya chuma. Mongi hakutaka kuondoka. Bi Leokadia alimvuta mkono, akamketisha jikoni kwake. Alikaa pale hadi giza lilipoingia, akiutazama ua kupitia kioo. Alisema alichoogopa ni Ijumaa. Mama yake angeuliza kama zulia halijambo, na yeye hakuwahi kumdanganya.

Asubuhi moshi ulikuwa umesimama wima tena. Zulia lilikuwa gumu kama mlango. Bi Leokadia alimpa Mongi kipigio.

"Haya. Leo usilipapase."

Alipiga mara moja, kwa woga. Halafu akapiga kweli. Barafu iliruka kutoka kwenye sufu, vumbi laini la rangi ya waridi, jua likapita ndani yake, na kwa kitambo Mongi hakuonekana. Tulisikia kipigio tu. Alipotokea alikuwa na waridi kwenye nyusi, machozi yameganda, na alikuwa akicheka. Zulia lilibaki nje siku tatu. Kila siku lilikauka bila kuloana, kwa kuwa barafu ilitoka kabla ya kuyeyuka, na kila siku alilipiga, mpaka likakunjika kama kitambaa.

Lakini halikuwa lile lile. Nyekundu ilikuwa imepauka, na nyeupe ilikuwa imeona haya, ikaingia wekundu. Yule ndege wa chali alikuwa amebaki kivuli.

Ijumaa simu ilipolia mlango wa Mongi ulikuwa wazi, nami nilikuwa nimemletea kuni za jiko. Yaliyosemwa alinitafsiria baadaye.

"Zulia halijambo?"

Alimweleza yote.

"Linanukaje?"

Mongi alipiga magoti, akalinusa. Kondoo hakuwamo. Moshi haukuwamo.

"Linanuka baridi, mama. Kama chuma. Kama maji ya kisima asubuhi."

"Harufu ya kwetu imekwisha?"

"Imekwisha."

Bi Mabrouka alishusha pumzi. "Basi ulikuwa unaitunza hiyo. Mimi nilidhani unalitunza zulia." Kisha akasema, "Vua viatu."

"Mama..."

"Soksi pia. Mimi nipo, nasikiliza."

Mongi alivua. Alisimama ukingoni, simu sikioni. Nje theluji ilikuwa imeanza tena, ile isiyo na haraka. Akaweka mguu mmoja juu ya zulia, akaweka wa pili, akatembea mpaka katikati ya chumba, mahali ambapo hakuwahi kusimama tangu ahamie.

"Mbona kimya?" aliuliza mama yake.

"Nipo juu yake. Zulia halina sauti, mama."

"Tembea tu," alisema. "Nasikia."