Uyoga Ulionuka Mzoga

Nilikuwa mtoto wa miaka minane mwaka ule bustani ya bibi yangu ilipoanza kunuka mzoga. Tulikaa Garissa, karibu na Mto Tana. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu, na bibi, ambaye tulimwita Ayeeyo, alijifunza ukubwani kulima sukuma wiki na vitunguu. Jirani yetu Dahabo hakuacha kumtania.

"Ayeeyo, ngamia wako wa kijani wameamkaje?"

"Wazima. Hawamtegemei mchungaji mvivu kama mumeo."

Kisha mvua kubwa zikanyesha, na asubuhi moja harufu ile ikatuamsha. Mfugaji akisikia harufu ya mzoga huhesabu mifugo kwanza. Ayeeyo alihesabu mbuzi wake saba. Wote walikuwepo. Akahesabu tena, safari hii akimgusa kila mmoja kichwani. Ndipo tukafuata nzi mpaka kwenye matuta, na pale, katikati ya samadi aliyoimwaga mwenyewe, nikaona uyoga ambao nilikuwa sijapata kuuona. Ulisimama kama vidole vyekundu vilivyochomoza ardhini, ncha zimepakwa ute wa kahawia. Mwingine ulikuwa haujafunguka, umejiviringa kama mayai.

Ayeeyo alinivuta nyuma akaanza kusoma dua.

"Harufu ya mzoga pasipo mzoga ni karamu ya majini," alisema. "Usiguse. Anayegusa hapatwi yeye. Hupatwa aliye mdogo kuliko wote nyumbani."

Mdogo kuliko wote alikuwa Abdi, ndugu yangu wa miezi mitano.

Tuliuacha siku tatu. Harufu iliingia ndani, ikakaa kwenye mikeka na kwenye maziwa. Mama alitapika kila alichokula, maziwa yake yakapungua, na Abdi akawa analia njaa mchana kutwa. Sikuweza kuvumilia kilio kile. Adhuhuri moja, watu wazima wamelala kwa joto, nilikwenda nikaung'oa uyoga kwa mikono mitupu, nikautupa nje ya ua wa miiba. Ute ulininata viganjani. Nilijifuta kwa mchanga, nikarudi mbio. Abdi alikuwa ameamka. Ili mama asisumbuliwe, nilimbeba nikampa kidole changu anyonye.

Kabla ya alasiri kwisha alikuwa anahara na mwili wake unawaka moto.

Dahabo alikuja amempakata mwanawe mchanga, na siku hiyo hakutania. "Kuna mtu amegusa," alisema. "Ajitokeze amtemee mtoto mate, madhara yamrudie mwenyewe. Jua likizama hajasema, mtoto anakwenda."

Kwetu ndivyo ilivyoaminika: aliyeleta dhara ndiye pekee awezaye kuliondoa, kwa mate yake. Nilijificha nyuma ya pipa la maji. Nilitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa umeganda, na mdomo wangu ulikauka kiasi kwamba niliona hata nikisema, sina mate ya kumwokoa. Kivuli cha ua kilirefuka. Ndani, kilio cha Abdi kilikuwa chembamba kama cha paka.

Ayeeyo alikuja kuchota maji, akanikuta. Aliinua mikono yangu akainusa.

"Tema," alisema, akanyoosha kiganja.

"Sina mate, Ayeeyo."

Akaninywesha funda moja la maji. Nikatema. Alifumba kiganja, akaingia ndani, nami nikasikia sauti yake, kavu na ya wazi: "Niliyegusa ni mimi. Nilizihurumia mboga zangu."

"Hooyo!" mama alimlilia mama yake. "Wewe uliyetukataza?"

Nilichungulia mlangoni. Ayeeyo alikuwa anampaka Abdi mate kifuani. Dahabo alimfunika mwanawe uso kwa ushungi wake, akatoka bila kuaga.

Jioni hiyo hiyo tulimkimbiza Abdi zahanati. Akapewa dawa na maji ya chumvi na sukari, na siku ya tatu akanyonya. Ayeeyo aliuchimba uyoga uliobaki kwa jembe, pamoja na samadi yake, akaufukia mbali, akanawa kwa majivu. Lakini wanawake hawakumletea tena watoto wao awabariki. Dahabo hakuuliza tena habari za ngamia wa kijani. Nilipomwambia Ayeeyo kwamba nitasema ukweli, aliniwekea kidole mdomoni.

"Wewe utahitaji watu wakupe watoto wao uwapakate. Mimi nimeshapakata wa kutosha."

Sasa mimi ni mama. Sijui kama Abdi alidhuriwa na majini au na vidole vyangu vichafu. Uyoga ule nimeuona tena penye samadi, nami huung'oa na kunawa kwa sabuni. Kinachonitisha hadi leo ni jinsi nilivyozoea kunyamaza, mpaka Ayeeyo akafariki akiitwa yule aliyegusa.

Mwezi uliopita Dahabo, ambaye sasa ni mzee, alikuja kumwona mwanangu. Alimpakata, akasema, "Shukuru bibi yako hakumfikia huyu."

"Eeddo," nilimwambia, kama tumwitavyo shangazi, "niliyegusa ni mimi. Yeye alinificha."

Nilingoja anirudishie mtoto. Hakumrudisha. Alimtazama usoni, kisha akauliza Ayeeyo amezikwa upande gani.