Mchora Vibao na Jina la Nyanda za Chini

Mama Brashi alikuwa amechora vibao miaka thelathini, na mdomo wake haukuwa na breki. Kazi alifunzwa na baba yake, ndiye aliyeandika kile kibao kikubwa cha njiapanda chenye jina la zamani la nyanda zote za chini, kuanzia vilimani hadi baharini. Jina ni la lugha ya mababu, na maana yake ni "maji yamelala tu". Waliolitoa hawakuwa na mchezo. Waliiona bahari ikipanda mpaka vilimani, wakaacha onyo. Bibi mzaa mama wa Mama Brashi alipotelea kwenye maji hayo hayo, yeye na nyumba yake.

Siku moja bwana wa ofisi ya viwanja, aliyekuwa akiuza viwanja vya huko chini, akamwita.

"Shangazi, nataka kibao kipya. Andika 'Malisho Mema'. Ndiyo maana ya lile jina."

"Nani kakwambia?"

"Imo kwenye kijitabu cha wanunuzi."

"Na kijitabu kaandika nani?"

Bwana akakohoa. "Mimi."

Mama Brashi akacheka mpaka machozi, kisha hasira zikampanda. "Mwanangu, watu watajenga kule na watoto wao. Waambie ukweli, wakitaka wanunue."

"Ukikataa nafuta leseni yako ya kuchora vibao, nampa kazi mwingine."

Mama Brashi akapiga hesabu. Huyo mwingine angekwangua kibao mpaka kwenye bati, kama fundi yeyote mwenye adabu, na jina lingekwisha kabisa. Akasema haya, ataandika.

Hakukwangua hata kidogo. Alilipitia jina la zamani kwa rangi ya mafuta, chini yake akaandika maana yake. Ilipokauka akafunika yote kwa chokaa, na juu ya chokaa akaandika Malisho Mema kwa rangi ya unga, ile ya kukorogwa na maji, mwandiko wa kupendeza kweli.

Wanunuzi walipoletwa, mvua ikanyesha. Malisho Mema yakachuruzika pamoja na chokaa mpaka chini ya nguzo, na wageni wakasoma kilichobaki, mmoja kwa sauti. Wakarudi garini bila kuaga.

Kesho yake bwana akamfuata karakanani, kafura. "Rangi gani ile uliyotumia?"

"Ya kudumu pasipofika maji. Si uliwaambia wanunuzi hayafiki?"

"Lete leseni."

Mama Brashi alikuwa nayo mkononi tayari. "Chukua," akasema. "Sahihi yangu iko pale pembeni ya kibao, na hiyo ni ya mafuta."